Kikoba chetu kinunue vifaa vya kujifungulia, au tutakuwa tunaibebea serikali mzigo wake?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Mwanza. Tunaweka hisa kila Jumamosi, na pembeni tuna mfuko wa jamii ambao kila mwanachama anachangia shilingi mia tano kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Tulipovunja kikoba mwaka huu, mfuko ule ulibaki na laki nne na nusu. Hizo ndizo zimetugombanisha.

Kipindi cha mvua kilichopita wifi yangu, mke wa kaka, alishikwa na uchungu usiku. Tukampakia kwenye bodaboda mpaka zahanati. Nesi alikuwa mmoja, amechoka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Vifaa viko wapi?" Hatukuwa navyo. Pesa ya pamba tuliyovuna ilikuwa haijalipwa, na kusema kweli tulidhani bado kuna wiki mbili mbele. Nesi akasema hana hata jozi moja ya glovu, twende tukatafute. Kaka akaondoka na pikipiki kwenda kugonga milango ya maduka. Aliporudi na glovu, wembe na pamba, mtoto alikwisha kuzaliwa kwenye benchi la nje, juu ya khanga niliyokuwa nimejifunga mwenyewe. Aliyempokea ni bibi mmoja wa mtaani kwetu tuliyekuja naye, kwa mikono mitupu. Maji ya kunawa hayakuwepo, maana zahanati yetu haina bomba, ndugu wa mgonjwa ndio wanaobeba ndoo kutoka lamboni.

Baada ya siku chache mtoto akapata homa, akaacha kunyonya, kitovu kikawa chekundu na kinatoa usaha wenye harufu. Alilazwa hospitali ya wilaya. Namshukuru Mungu amepona, sasa anatambaa.

Kwenye kikao nikapendekeza zile laki nne na nusu tununue vifaa, kila mjamzito wa kijiji apate pakiti yake kabla ya siku. Hapo wakagawanyika. Wenzangu wengi wanakubali. Waume zetu waliposikia wakasema huduma ya mjamzito ni bure, imetangazwa, na sisi tukinunua tutakuwa tunaibebea serikali mzigo wake na kesho watatuambia tununue na kitanda. Wengine wanasema pakiti tumpe yule bibi, maana ndiye anayezalisha wanaochelewa na wanaoogopa kufokewa zahanati, na yeye hamkatai mtu. Na kuna kijana anatoka mjini na pakiti tayari kwa elfu thelathini, anasema ndani yake kuna kila kitu, mpaka sindano ya kuzuia damu na dawa ya kitovu. Mhasibu wetu ameshaanza kumwahidi.

Jingine ni mama yangu mzazi. Yeye anasema kitovu cha yule mtoto kiliharibika kwa sababu hatukupaka masizi na mafuta ya nyonyo kama walivyofanya kwetu sote, na tuko hai. Sitaki kumvunjia heshima, lakini mke wa mdogo wangu naye ana mimba ya miezi minane, na mama ameshaweka kopo la masizi tayari.

Shangazi, tununue au tusinunue? Tukinunua, tumpe nani? Na mama nimwambieje?

Katibu wa kikoba, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa usiku ule, na hongereni kwa huyo anayetambaa.

Nunueni. Lakini msinunue kwa yule kijana, msimpe bibi pakiti za kuzalishia nyumbani, na kabla hamjanunua hata wembe mmoja, angalieni maji.

Naanza na maji kwa sababu shida ya barua yako imeanzia hapo, ila umeyapitia haraka. Umeniambia glovu hazikuwepo, ukaniambia wembe ulichelewa, halafu katikati ukataja kwamba pale mahali ambapo wanawake wote wa kijiji wanajifungulia hakuna maji ya kunawa. Wakunga hufundishwa usafi sita wa kujifungua: mikono safi, mwili wa mama ulioshwa, mahali safi pa kulalia, kifaa safi cha kukatia kitovu, kitu safi cha kukifungia, na kitovu kuachwa kisafi na kikavu. Mikono inatajwa ya kwanza. Mkunga anayevaa glovu juu ya mikono aliyoshikia ndoo ya lamboni, akashika kitasa, akafungua kadi, hiyo glovu ameshaichafua kabla haijamfikia mama.

Tena wewe unaandika kutoka Mwanza, na Mwanza ina ushahidi wake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika mkoani kwenu kwa wanawake zaidi ya 3,000, kuangalia kama pakiti za vifaa safi zinasaidia kweli. Watoto ambao mama zao walitumia pakiti, uwezekano wa kupata maambukizi ya kitovu kwao ulikuwa mdogo mara 13 kuliko wa wengine. Kwa akina mama wenyewe, uwezekano wa maambukizi ya uzazi, yale yanayoleta homa na uchafu wenye harufu baada ya kujifungua, ulikuwa mdogo mara 3 hivi. Mtu anaweza kusema waliotumia pakiti huenda walikuwa waangalifu na kwa mambo mengine, na ni kweli, utafiti wa namna ile hauwezi kutenganisha kila kitu. Lakini kuna jambo jingine walilolikuta ambalo mimi nalipenda zaidi: kwa wanawake waliooga kabla ya kujifungua, waliougua, wao na watoto wao, walikuwa wachache zaidi. Kuoga! Hicho hakiuzwi kwenye pakiti yoyote. Kinataka maji tu.

Kwa hiyo ningekuwa mimi kwenye kikao chenu, ningesema hivi: zile laki nne na nusu zigawanywe. Sehemu moja ikanunue tangi la plastiki na mifereji ya kuvunia maji ya bati la zahanati, pamoja na ndoo mbili za bomba, moja leba na moja nje ya choo. Ulizeni bei mjini kabla ya kuamua ukubwa wa tangi. Mvua ile ile iliyomkuta wifi yako njiani ndiyo inayomwagika bure kutoka kwenye paa la zahanati. Maji ya paa kwa kunywa yataka kuchemshwa au kutiwa dawa, lakini pamoja na sabuni yananawisha mikono na kuogesha mama kuliko maji ya lambo. Sehemu ya pili ndiyo ya pakiti.

Sasa pakiti. Msinunue iliyofungwa tayari na mtu msiyemjua. Nendeni duka la dawa lenye kibali au duka la vifaa vya hospitali mjini, mnunue kwa jumla, mpange wenyewe. Mtashangaa tofauti ya bei. Kinachotakiwa ni kipande cha sabuni, plastiki safi ya kutandika ya kama mita moja kwa mita moja, nyembe mbili mpya zikiwa bado kwenye karatasi yake, vibanio viwili au vitatu vya kitovu, furushi la pamba, pedi, na glovu. Kwenye glovu hapo ndipo watu wanapoibiwa. Zile za kwenye boksi, za kuchomoa moja moja, ni za kupimia mgonjwa. Za kuzalishia ni zile zinazofungwa jozi jozi kwenye karatasi yake, zimeuliwa vijidudu, na zina tarehe ya mwisho. Wakunga wengi watakwambia wanavaa namba saba na nusu, lakini muulizeni nesi wenu, ndiye atakayezivaa. Wekeni jozi mbili au tatu kwa kila mama, kwani moja hupasuka, na kupima njia si kazi ya mara moja. Wakati wa kupanga msifungue chochote kilichofungwa. Mkifungua glovu ili kuangalia ni nzuri, mmeshaitupa.

Khanga mbili za mtoto kila mama alete mwenyewe, zimefuliwa, zimeanikwa juani na kupigwa pasi, zikae kwenye mfuko safi tangu mimba inapofika miezi saba. Khanga moja ya kumfutia, ya pili ya kumfunika. Usiku ule mlikuwa na khanga moja, tena uliyoshinda umeivaa.

Na ile sindano ya kuzuia damu, mwanangu, mwambie mhasibu avunje ahadi leo hii. Dawa hiyo inaitwa oksitosini. Mama huchomwa mara tu mtoto anapotoka, ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu isimwagike. Ni dawa inayookoa maisha kwelikweli. Lakini ni dawa ya kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Huyo kijana ameitoa wapi, imesafiri kwenye begi gani, imekaa juani stendi saa ngapi? Ikishaharibiwa na joto haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Inabaki inaonekana dawa, nesi anaichoma kwa moyo mweupe, mama anaendelea kutoka damu, na hakuna anayejua kwa nini. Hatari ya pili ni mtu wa nyumbani kuichoma ili "kuharakisha uchungu". Ikitumiwa hivyo bila mtaalamu, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka na mtoto kukosa hewa. Vidonge vya kuzuia damu ni hivyo hivyo, vikitangulia mtoto vinaua. Dawa hizo ni za zahanati, zitoke kwenye friji ya zahanati. Kama friji hiyo haipo au haiwaki, hilo ni jambo la kupeleka kwenye kamati, na nitafika huko.

Kuhusu bibi, nakuomba unisikilize bila kudhani namdharau. Usiku ule alisimama pale ambapo hakuna mwingine aliyesimama. Akampokea mtoto. Mkono mtupu ulikuwa bora kuliko sakafu. Lakini pakiti ina mipaka yake, na wanaotaka kumpa bibi pakiti hawaioni mipaka hiyo. Plastiki na wembe mpya vinazuia usaha na pepopunda. Havizuii damu inayomwagika baada ya kondo la nyuma. Havitibu kifafa cha mimba. Havimtoi mtoto aliyekwama, na mtoto aliyezaliwa bila kupumua ana kama dakika moja tu ya kuanza kusaidiwa na mtu mwenye kifaa na mafunzo. Ukimpa bibi pakiti nzuri, umewaambia wanawake kwamba nyumbani sasa ni salama, na si kweli.

Nchi yetu imepiga hatua kwa upande huu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha wanawake 81 katika kila 100 walijifungulia kwenye kituo, kutoka 63 katika utafiti wa 2015 na 2016. Vifo vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 vimeshuka katika tafiti hizo hizo kutoka 556 hadi 104. Pakiti ziwavute wanawake waende kituoni, zisiwape sababu ya kubaki nyumbani.

Kwa hiyo bibi mpeni kazi nyingine, na iwe ya heshima. Awe msindikizaji. Mwanamke akiwa na mtu anayemwamini pembeni wakati wa uchungu anajifungua vizuri zaidi, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Kama wanaokwenda kwake wanakimbia kufokewa, basi bibi akiingia nao mlangoni, kufokewa kutapungua. Kikoba kimlipie nauli na chai. Kaeni naye na nesi pamoja mkubaliane, maana bila nesi kukubali ataachwa nje ya leba. Na mumfundishe la kufanya uchungu ukiwashinda njiani: kunawa kwa sabuni, kutandika plastiki, kumpokea mtoto, kumfuta akauke, kumweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kuwafunika wote wawili. Kitovu kama hakuna wembe mpya kisikatwe. Mtoto na kondo lake waende hivyo hivyo zahanati wakiwa wamefunikwa, haina madhara. Wembe uliokwisha kutumika, hata ukichomwa moto wa kibiriti, hapana.

Usafiri wa usiku nao una namba: 115, inapigwa bure, ni ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na vichanga wenye dharura. Iandikeni kwenye kila pakiti kwa kalamu isiyofutika.

Nani agawe? Mimi napendekeza pakiti zitolewe kliniki, mikononi mwa mjamzito, anapofika miezi saba, na nesi na mwanakikoba mmoja wasaini kwenye daftari. Waganda wana pakiti yao wanayoiita Mama Kit, na hupelekwa vituoni ili mama aifuate huko. Ninyi fanyeni hivyo hivyo kwa udogo wenu. Pakiti nne tano zibaki zahanati kwa anayekuja bila kitu, kama wifi yako. Daftari liwe na nakala mbili, moja kwenu. Sisemi nesi ataiba. Nasema asiwekwe mahali ambapo watu watamsingizia.

Na huyo nesi, mwanangu, najua mna hasira naye. Kumwacha mama aliyeshikwa na uchungu nje kwa sababu ya glovu hairuhusiwi, na mna haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi, na yeye asipowasikiliza kwa mganga mkuu wa wilaya, au kupiga 199 kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure. Lakini yuko peke yake usiku, bila maji, bila glovu, na damu ya mtu asiyejua hali yake. Yeye pia alikuwa anaogopa. Mkimwendea na tangi la maji mtapata mkunga tofauti kabisa.

Nije kwa waume zenu. Wana hoja, wala msiwabeze. Sera ya Afya inasema huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali ni bila malipo. Kumwambia aende na vifaa vyake ni kumlipisha kwa mlango wa nyuma, na anayeumia ni maskini, ndiye anayebaki nyumbani kwa aibu ya mkoba mtupu. Hiyo hasira ya wanaume mnaihitaji. Ila wanaipeleka mahali pasipo. Wanasema tusinunue, halafu wanarudi kijiweni. Wapelekeni kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati. Kila zahanati inatakiwa kuwa nayo, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo hushiriki kupanga zitumikeje. Bohari ya Dawa ikikosa glovu, kuna utaratibu wa mshitiri, yule mfanyabiashara aliyeidhinishwa mkoani kuviuzia vituo vinachokosa. Kwa hiyo "hakuna glovu" si jibu la mwisho. Kuna maswali yanayofuata: ziliagizwa lini, jozi ngapi, bohari ilijibu nini, mshitiri aliulizwa?

Daftari lile lile la pakiti litawasaidia hapa. Pembeni ya kila jina andikeni mama aliambiwa alete nini na alitumia shilingi ngapi. Baada ya miezi michache, wanaume wawili wenye sauti na wewe katibu nendeni nalo kwenye kikao cha kamati kabla mpango wa mwaka haujapitishwa. Ombeni ibandikwe ukutani orodha ya vifaa vilivyopokelewa. Mwambieni mwenyekiti wazi, tena iingie kwenye muhtasari, kwamba kikoba kinanunua kwa mwaka mmoja na si zaidi. Hapo hamjaibebea serikali mzigo. Mmemshika mkono mama anayejifungua usiku wa leo, na kesho yake mnadai kilicho chenu. Mkisubiri serikali bila kununua, watakaokufa wakati mnasubiri hawatafaidi glovu zitakapokuja.

Sasa mama yako. Usimwambie amekosea kuwalea. Mwanzie kwenye pepopunda, ugonjwa ambao lazima anaukumbuka: kichanga kinazaliwa kizima, kinanyonya, halafu ndani ya wiki mdomo unakaza, mwili unajikunja, kinakufa. Kila mama wa umri wake anamjua aliyempoteza mtoto hivyo, na wengi waliambiwa ni zongo au ndege. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama, na vinaingilia kitovu kibichi. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na vichanga kama tatizo la afya ya jamii. Kilichofanya hivyo ni chanjo kwa wajawazito na kuzaliwa mahali safi. Udongo haukuondoka, vijidudu bado vimo. Masizi hayatoki mbinguni, yanatoka kwenye sufuria na jikoni, pamoja na vumbi lake.

Kitovu kinataka kukauka. Hakuna masizi, mafuta, majivu, mate wala dawa ya meno. Nepi ifungwe chini yake kisilowe mkojo, mikono inawe kwanza kabla ya kumshika, na mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, afutwe tu. Kitaanguka chenyewe. Kama mama ana ile hofu ya wazee kwamba kikimwangukia mtoto wa kiume sehemu zake ataharibika, usibishane naye usiku kucha. Mwachie yeye kazi ya kuangalia nepi imefungwa chini ya kitovu, atakuwa amelinda alichotaka kulinda na kitovu kitakuwa kikavu. Lile kopo likiondoka, mkono wake upewe kitu kingine cha kufanya.

"Dawa ya kitovu" ya yule kijana huenda ni klorheksidini. Ni dawa ya kweli. Nchini Nepal ilisaidia vichanga waliozaliwa nyumbani. Kisiwani Pemba walipoijaribu kwa watoto zaidi ya 30,000, haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuonekana ukilinganisha na kitovu kikavu. Shirika la Afya Duniani sasa linasema kitovu kisafi na kikavu ndiyo njia, na dawa hiyo ibaki kwa sehemu ambazo watu wana mazoea ya kupaka vitu vya hatari. Kwa hiyo kama mama yako akikataa kabisa kuacha kupaka kitu, muulize nesi kama ipo zahanati, mama apake hiyo badala ya masizi. Lakini ya kununua barabarani, hapana. Watoto wamepofuka duniani kwa kutiwa dawa hiyo machoni, kwa kudhaniwa ni ya macho.

Huyu mwenye miezi minane msimsubirishe kikao. Kesho aende kliniki na kadi yake, muangalie kama sindano za pepopunda zimetimia, apimwe presha na wingi wa damu, na mumuulize nesi kama anatakiwa ajifungulie hapo au hospitali. Pakiti yake iwe ya kwanza, hata kama mnaichangia mfukoni kabla mfuko haujafunguliwa. Na baada ya kujifungua, mkiona anatoka damu ya kulowesha pedi baada ya pedi, ana homa, uchafu unanuka, kichwa kinauma sana au anaona giza, au mtoto hanyonyi, anapumua mbio, anakakamaa, amekuwa wa moto au wa baridi, au ngozi kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu, ni siku hiyo hiyo hospitali. Kwa yule wa wifi mliwahi, ndiyo maana anatambaa.

Kamati ikikutana, niandikie wamejibu nini kuhusu glovu.

Shangazi